Vijana 26, siku 12 na darasa moja Minziro: jibu kwa katibu wa vijana wa Mwanza

Marahaba, ndugu katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa wasomaji wengine hawajaiona, naomba niirudie kwa ufupi. Kikundi chenu cha vijana wa kanisa, hapo Mwanza, kina watu 26 wenye umri wa miaka 15 hadi 24. Kwa mwaka mzima mmechanga shilingi milioni 9 na laki nne, na mnataka kwenda kwa siku 12 mwezi Desemba katika kijiji kinachopakana na msitu wa Minziro, wilayani Missenyi mkoani Kagera, mkaijengee shule ya msingi darasa moja kwa kujitolea. Unauliza kama fedha na siku hizo zinatosha, kama mchukue fundi kutoka Mwanza, na mjiandae vipi kwa msitu wenyewe.

Nimefanya kazi ya ufundi sanifu wa majengo kwa miaka mingi pande zote za Ziwa Victoria, na vikundi kama chenu nimevikuta saiti zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitazunguka. Msijenge darasa. Nendeni Minziro, lakini nendeni kwa kazi nyingine, katika mwezi mwingine, na mkiwa wachache zaidi.

Nianze na fedha, kwa sababu hapo hesabu ni fupi. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, na sijamsikia fundi yeyote akisema kwamba saruji na nondo zimeshuka bei tangu wakati huo. Ninyi mna chini ya nusu ya kiasi hicho, na humo humo mtatoa nauli, chakula na dawa za watu 26.

Siku nazo hazitoshi, hata kama fedha zingetosha. Darasa ni msingi, jamvi (zege la chini), kuta, linta (boriti za juu ya milango na madirisha), mkanda wa zege wa juu ya kuta, kenchi (mbao za kubebea paa), mabati, lipu na sakafu, na kila hatua inayotumia zege ina siku zake za kusubiri ambazo hazipunguzwi kwa kuongeza watu. Zege lililomwagwa leo linahitaji kunyweshwa maji kwa siku 7 angalau, na nguvu yake kamili mafundi huihesabu siku ya 28. Mkifanya kazi kwa bidii kubwa mtaondoka mkiacha boma lisilo na paa, na boma lisilo na paa katika mkoa wa Kagera halidumu kama lingedumu Kwimba au Magu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya ile mliyoizoea Mwanza. Aliyewahi kupita barabara za vijijini amekwisha kuona boma lenye mpapai ulioota katikati ya chumba. Michango ya watu imelala pale, na mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeulizwa kila mwaka litakwisha lini, wakati waliolianzisha walikwisha kupiga picha wakarudi kwao.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu wa Mwanza huisahau. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu zaidi ya kumi na kuharibu maelfu ya nyumba katika Bukoba, Missenyi na wilaya za jirani. Sekondari za Ihungo na Nyakato (Nyakato ya Bukoba, si hiyo ya kwenu) zilibomoka kiasi cha kujengwa upya. Chumba watakamokaa watoto 45 katika eneo hilo kinataka mkanda wa zege unaozunguka kuta zote bila kukatika, wenye nondo nne za milimita 12 na ringi (vyuma vyembamba vya kuzishika nondo pamoja) zilizofungwa kila sentimita 20 au pungufu, na pembe ambazo nondo zake zimepindwa zikaingia ukuta wa pili badala ya kuishia pale kuta zinapokutana. Kazi hiyo inasimamiwa na mhandisi wa halmashauri na kufungwa na fundi nondo anayeijua. Kijana anayeshika koleo kwa mara ya kwanza asiwekwe hapo, hata awe na moyo wa namna gani.

Sasa kazi ninayowashauri. Ombeni uongozi wa shule uwaruhusu kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la madarasa ambayo tayari yapo: mifereji ya paa pande zote mbili, vitako viwili vya zege vya kukalishia matangi, na matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000 kila moja. Mtu wa mbali atashangaa kusikia mradi wa maji kando ya msitu ambao sehemu yake kubwa hufurika kila mwaka. Lakini maji ya Minziro ni maji ya kinamasi yanayoletwa na mafuriko ya mto Kagera. Yapo kila mahali, ni meusi kwa majani yaliyooza, na kuyachota ni rahisi kuliko kuyanywa. Mtoto anayetumwa bwawani na dumu wakati wa kipindi cha hesabu hafaidiki na wingi huo.

Hesabu yake mnaweza kuifanya wenyewe, na ningependa mwifanye mbele ya vijana wote kabla ya kuondoka, maana ndiyo itakayowaonyesha kwa nini kazi hii ina thamani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukulieni jengo la vyumba viwili lenye paa la urefu wa mita 18 na upana wa mita 8, ukijumlisha vipenu. Hiyo ni mita za mraba 144, lakini paa lina miteremko miwili, kwa hiyo kila mfereji unapokea mita za mraba 72 tu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanafunga mfereji upande mmoja, kisha wanapiga hesabu ya paa zima. Mvua nzuri ya milimita 25 itatoa lita 1,800 kwa upande mmoja, na ukiondoa zinazoruka na kuvuja, kama asilimia 15 hivi, zinabaki lita 1,530. Mvua tatu au nne za aina hiyo zinajaza tangi.

Tangi likijaa lina uzito wa tani 5 za maji, na uzito huo ndio unaofanya kitako kiwe kazi ya kweli, si kazi ya kuwaridhisha wageni. Udongo wa maeneo yale ya chini ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi mpaka mfike udongo mgumu, jengeni ukuta wa duara wa mawe au matofali ya saruji wenye kipenyo cha mita 2.4, jazeni ndani kifusi cha mawe na changarawe kwa matabaka ya sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya lingine kumwagwa. Hapa mikono mingi ina maana, kwa sababu kushindilia kunataka jasho na uvumilivu tu. Juu yake mwageni zege la sentimita 15 la kipimo cha moja, mbili, nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Vitako vyote viwili vitahitaji zege la mita za ujazo 1.4 hivi, nalo litakula mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, mbali na ile ya kujengea kuta na kupiga lipu. Urefu wa kitako usizidi sana sentimita 60. Unatosha ndoo kukaa chini ya koki, na kwa nchi iliyokwisha kutikisika nisingependa kuona tani 5 zimesimama juu ya mnara karibu na uwanja wa watoto.

Mpangilio wa siku unajileta wenyewe. Mkimwaga zege siku ya tano, siku ya 12 limekwisha kunyweshwa kwa siku 7 na tangi linaweza kukalishwa juu yake. Katikati hapo hamtakaa bure. Kuna fisha bodi, yaani mbao za ukingo wa paa, za kubadilisha au kupigilia upya, kwa sababu mfereji ulioshikizwa kwenye ubao uliooza huanguka na mvua ya kwanza. Kuna mifereji yenyewe, ambayo inataka mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita, yaani sentimita 9 kwa urefu wa mita 18, uliopimwa kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji ya kuonyesha usawa) na kamba badala ya jicho. Kuna shimo la mawe la kupokea maji yanayomwagika chini ya koki ili pasiwe dimbwi la mbu. Na kuna bomba la kutupia maji ya kwanza, kifaa kidogo ambacho kila mtu hukiruka: bomba la inchi 4 lililosimamishwa kabla ya tangi, lenye urefu wa mita 3, hubeba lita 24 za maji machafu ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege, na likijaa ndipo maji safi yanapopita kwenda tangini. Sehemu ya chini iwe na kifuniko cha kufungua kwa mkono. Mdomo wa tangi uwe na wavu mwembamba. Kabla ya yote hayo kagueni kuta za jengo lenyewe, maana baadhi ya majengo ya huko yaliachiwa nyufa na tetemeko. Mkiona ufa unaopita kwenye matofali, si kwenye lipu peke yake, mwambieni mwalimu mkuu amwite mhandisi, nanyi msitundike kitu hapo.

Kuhusu fundi, jibu langu ni kwamba msimchukue Mwanza. Fundi wa kijijini anajua mchanga wa wapi una udongo na wa wapi ni safi, anajua maji ya mafuriko ya mwaka jana yalifika wapi kwenye ukuta, na mfereji ukilegea mwezi Machi yeye yupo. Fundi wenu atakuwa Igoma akijenga nyumba ya mtu mwingine. Niliwahi kuitwa kukagua kazi ya kikundi kilichokwenda na mafundi wake upande ule wa ziwa. Kazi ilikuwa safi, lakini koki zilipoharibika hakuna mtu kijijini aliyejua zilivyofungwa, wala aliyejiona ana haki ya kuzigusa, kwa kuwa wenyeji walikuwa wamekaa pembeni wakitazama siku zote. Lipeni mafundi wawili wa kijijini kwa bei wanayolipwa na wengine, ninyi muwe saidia fundi. Neno hilo lisiwaudhi vijana wenu waliomaliza kidato cha sita.

Fundi mmoja anaweza kuwatumia saidia fundi watatu au wanne, na akipewa zaidi ya hapo anageuka kuwa mlezi. Mafundi wawili na timu ya wapishi na wachota maji wanatosheleza watu 12 hadi 14. Wengine 12 wakisafiri, watakaa kivulini kuanzia siku ya tatu, watakula, na kijiji kitatafuta pa kuwalaza. Najua kwamba kuwachagua wa kwenda ni jambo gumu katika kikundi cha kanisa, na huenda litakuletea maneno. Hata hivyo, nauli na chakula cha watu 12 ni sehemu nzuri ya bei ya tangi la pili.

Desemba iahirisheni. Katika upande wa magharibi wa ziwa mvua za mwisho wa mwaka huanza mapema, mara nyingi Septemba, na Desemba ardhi bado imelowa: mashimo yanajaa maji kabla hamjamwaga zege, na lori la mchanga linakwama. Nendeni likizo ya katikati ya mwaka, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, masika yakiwa yamepita. Wanafunzi wengi watakuwa nyumbani, ardhi itakuwa imekauka, na mvua za Septemba zitayajaza matangi bila ninyi kuwapo.

Msitu wenyewe unastahili heshima ya pekee. Minziro si pori la miombo kama mlilolizoea mkielekea Biharamulo au Kahama. Ni msitu wa mvua unaoungana na misitu ya Sango Bay ng'ambo ya mpaka wa Uganda, uko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na una ukubwa wa kama hekta 25,000. Mimea, vipepeo na ndege wake wengi ni wa jamii ya misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na baadhi ya ndege hao hawaonekani mahali pengine popote Tanzania. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwa hiyo fito, mirunda ya jukwaa, kuni za kupikia, hata kamba za kufungia, msivitafute humo. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kwa wageni waliokuja kusaidia ni aibu pia. Nunueni mirunda ya mikaratusi iliyopandwa na wanakijiji. Mbao za fisha bodi ziwe za msonobari wa kupandwa, na muuzaji awape risiti na kibali cha kusafirishia. Matofali ya kuchoma nayo yaepukeni, kwa sababu tanuri moja hula kuni nyingi, nazo pale zina mahali pamoja tu pa kutoka. Mkitaka kuuona msitu, na ingekuwa hasara kufika pale msiuone, ombeni mhifadhi awape mwongozaji kwa nusu siku. Vaeni buti ndefu na chomekeni suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu wa huko hawana utani.

Juu ya afya nitasema yale yanayohusu kazi yenu. Chanjo ya pepopunda kila mmoja awe nayo kabla ya safari, kwa sababu misumari yenye kutu ya fisha bodi za zamani ndiyo itakayowachoma zaidi kuliko mnyama yeyote. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila maumivu ya haraka, na kijana aliyekanyaga zege kwa kandambili atajua usiku, hivyo buti za mpira na glavu si mapambo. Malaria ipo: kila mtu na chandarua chake, na homa yoyote ipimwe, isidhaniwe. Hili la homa nalisisitiza kwa sababu nyingine pia. Ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, uliripotiwa Kagera mwezi Machi 2023, katika wilaya ya Bukoba, na tena Januari 2025, Biharamulo. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa, lakini virusi vyake hubebwa na popo wala matunda. Msiingie mapangoni, msiguse popo wala mnyama mliyemkuta amekufa, na msile matunda yaliyotafunwa. Mtu akipata homa mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, mkiwaeleza wahudumu mlikopita.

Mna vijana wa miaka 15 na 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumpa kazi za hatari. Hao wasipande ngazi ya paa na wasibebe mifuko ya saruji. Wanaweza kupima mteremko, kunywesha zege asubuhi na jioni, kupaka rangi, na kutunza daftari la vifaa, ambalo kwa uzoefu wangu hutunzwa vizuri zaidi na mtoto wa miaka 16 kuliko mtu mzima.

Safari sasa ni nyepesi kuliko zamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko, na mkiondoka Mwanza alfajiri kupitia Geita na Biharamulo mtafika Bukoba siku hiyo hiyo. Laleni mjini, asubuhi mwendelee kupitia Kyaka. Saruji msiibebe kutoka Mwanza. Inunueni huko huko na kwa mafungu mawili, kwa sababu unyevunyevu wa pale huigandisha ndani ya mfuko. Ipangeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na muifunike kwa turubai. Matangi, kwa upande mwingine, yaulizieni bei Mwanza na Bukoba kabla ya kuamua, mkikumbuka kwamba tangi tupu ni jepesi lakini linakula nafasi ya lori zima.

Kabla hamjaendelea kuchangisha, andikeni barua. Ya kwanza iende kwa mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu kwa pamoja, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na nyingine kwa mhifadhi wa msitu. Msiwaambie mnakwenda kujenga nini. Waulizeni kama wanayataka maji ya paa au wana shida nyingine inayowabana zaidi, kwa sababu inawezekana wakajibu kwamba upungufu wao ni matundu ya vyoo. Wakijibu hivyo niandikie tena, maana choo katika ardhi yenye maji ya juu kiasi kile hujengwa kwa kuinuliwa na kina hesabu nyingine kabisa. Wakikubali maji, waombeni wawajibu kwa maandishi maswali mawili kabla hamjanunua hata msumari: ni nani atakayesafisha mifereji kila mwezi wa Agosti, na ufunguo wa kufuli la koki utakaa kwa nani shule ikifungwa.